Kificho, Wala Si Dafina

Mchezo unaoitwa geocaching, ambao sisi tukiutamka husema jiokashingi, hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Anayetaka kuficha kopo lake la kwanza anaweza kuona hilo ni jambo dogo, hadi afike kwenye kuandika kibandiko. Hushauriwa kopo libandikwe maelezo mafupi, ili mlinzi, mfagizi au mtoto atakayelikuta bila kulitafuta aelewe ni kitu gani. Mlinzi wa Tanga au Kisumu akisoma neno la kigeni juu ya sanduku lililosukumwa nyuma ya jiwe, wasiwasi wake hautapungua. Panahitajika neno analolijua.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha chombo chenye daftari na penseli mahali ambapo watu wanaruhusiwa kufika, anapima latitudo na longitudo ya pale kwa GPS, kisha anazitangaza mtandaoni. Wengine wanakuja kutafuta. Anayekiona chombo anaandika jina lake na tarehe, anakirudisha pale pale, halafu anaripoti mtandaoni kwamba amekiona. Kama ndani mna vijizawadi, anaweza kuchukua kimoja mradi aache kingine chenye thamani ile ile au zaidi.

Neno la kwanza kuja mdomoni ni hazina. Ni neno tamu, lakini likiandikwa juu ya kopo linamwita mpita njia afungue na kuondoka na kilichomo. Dafina ni baya zaidi. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kuzika, na kwa Kiswahili ni mali iliyofukiwa ardhini. Mchezo huu kwa kawaida hukataza kuchimba. Chombo huwekwa kwenye mwanya wa mawe, shina lenye uwazi, au chini ya rundo la matawi, jembe halihusiki.

Katazo hilo halikuwapo tangu mwanzo. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea hadi mita 100 vikaanza kumfikisha mtu karibu kabisa na alipokusudia. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alikwenda kwenye msitu wa Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka ndoo nyeusi ya plastiki akiwa ameifukia nusu. Ndani alitia vitabu, kanda za video, programu za kompyuta, fedha kidogo, manati na kopo la maharagwe. Siku chache baadaye Mike Teague akaiona. Leo ndoo ile ingekataliwa kwa makosa mawili: kuchimba ardhi, na kuweka chakula, ambacho huwavuta wanyama.

Hata Kiingereza kilibidi kichague jina. Neno la kwanza lililotumika lilikuwa na harufu ya magendo na dawa za kulevya. Tarehe 30 Mei 2000 Matt Stum akapendekeza jina tunalolisikia sasa. Sehemu yake ya pili ina asili ya Kifaransa, kwenye kitenzi chenye maana ya kuficha, na katika Amerika Kaskazini wawindaji na wavumbuzi waliitumia kwa chakula na zana walizoacha njiani ili wazikute wakirudi.

Kuficha, basi, ndiyo maana ya msingi, na kwa maana hiyo lugha yetu haina haja ya kukopa. Funika imezaa kifuniko, ziba imezaa kizibo, funga imezaa kifungo. Kwa ficha tuna kificho, wingi vificho. Mchezo ni kusaka vificho, na mchezaji ni msaka vificho. Najua pingamizi: tunasema mtu kafanya jambo kwa kificho, na hatumsifu. Lakini anayeficha hapa anatangaza mahali kwa ulimwengu mzima, na kificho chenyewe ni kopo linaloshikika mkononi. Maficho tuyaachie majambazi na wanyama. Kibandiko basi kinaweza kusomeka hivi: “Hiki ni kificho cha mchezo. Ndani mna daftari na penseli. Tafadhali kirudishe ulipokikuta.” Mlinzi ameelewa.

Kueleweka huko si anasa. Nairobi na Dar es Salaam ni miji inayokumbuka tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani. Sanduku lisilo na maelezo likiachwa karibu na ofisi ya serikali au kituo cha treni litamwogofya yeyote, na ana haki. Kwa hiyo chagua chombo kinachoonyesha kilichomo, kaa mbali na majengo ya namna hiyo, na uombe ruhusa ya mwenye eneo mapema. Mwonyeshe kopo, mfungulie, mwache alishike.

Ruhusa ikipatikana, hakikisha hakuna kificho kingine ndani ya mita 161, ambayo ni sehemu ya kumi ya maili. Kisha pima. Usiridhike na kipimo cha kwanza, hasa chini ya miti mikubwa. Ondoka, rudi, pima tena, uchukue wastani. Viwianishi, yaani latitudo na longitudo, huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, na karibu na ikweta tarakimu ya mwisho ni takriban mita mbili tu. Herufi iliyotangulia ndiyo yenye hatari. Aliye Dar es Salaam, kwenye digrii 6 na dakika 48 kusini, akiweka herufi ya kaskazini, atakuwa amewatuma watu kwenye nyanda za juu za Ethiopia, yapata kilomita 1,500 kutoka kwenye kopo lake.

Kuwasilisha kwenye tovuti ya mchezo ni kujaza fomu: jina la kificho, ukubwa wake, maelezo ya mahali, na madaraja mawili ya 1 hadi 5, moja la ugumu wa kukiona na jingine la ugumu wa njia. Mhakiki wa kujitolea hupitia yote kabla ya kutangaza. Mwandikie kama mtu asiyewahi kufika pale: eneo ni la nani, nani ametoa ruhusa, kopo limekaa wapi hasa.

Jambo atakalouliza pia ni nani atakayekitunza. Kiingereza humwita aliyeficha kwa neno la umiliki. Mimi ningemwita mwenyeji, kwa maana zote mbili: mkazi wa pale, na anayepokea wageni. Mtalii anayetaka kuacha kificho Zanzibar kisha arudi Munich atatakiwa aonyeshe mpango wa kukitunza, na kwa kawaida hiyo ni kumtaja mtu anayeishi karibu aliyekubali kazi hiyo. Mwenyeji hubadilisha daftari likilowa, hujibu wanaoripoti kwamba hawakukiona, na akihama hukabidhi kificho kwa mwingine, au hukifunga na kwenda kulichukua kopo lake.