Kiduha cha Kyela: Kwa Nini Mpunga Unamwita Adui Yake?

Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa unafika Kyela, mkoani Mbeya, kwenye mchele unaosifika nchi nzima kwa harufu yake. Lakini huko kwenye mashamba ya mpunga wa nchi kavu kuna mgeni asiyealikwa: kiduha. Ni gugu dogo lenye maua ya kupendeza tu. Ling'oe taratibu, utakuta mizizi yake imejishika kwenye mizizi ya mpunga, inanyonya maji na chakula. Mkulima akija kuliona juu ya ardhi, madhara mengi yameshafanyika chini.

Sasa jiulize. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, na inaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Ikiota pasipo mmea wa kuunyonya inakufa baada ya siku chache, maana haina akiba. Basi inajuaje kwamba leo kuna mzizi jirani?

Jibu lilianza kutafutwa mbali na Kyela. Mwaka 1956 kiduha kiligunduliwa kwenye mashamba ya mahindi huko Carolina, Marekani. Miaka 10 baadaye, 1966, C. E. Cook na wenzake walitangaza kwamba wametenga kemikali inayoiamsha mbegu hiyo. Waliiita strigoli. Ajabu ni kwamba waliipata kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiushambulii!

Wamarekani walitumia pia ujanja mwingine: waliingiza udongoni gesi ya ethilini, homoni ileile inayoivisha ndizi za Tukuyu. Mbegu zikadanganyika, zikaota pasipo mahindi, zikafa.

Ila fumbo likabaki. Mmea gani huo unaotoa kitu cha kumwita adui yake? Ilichukua karibu miaka 40 kupata jibu. Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake, Japani, walionyesha kwamba kemikali za jamii hiyo, yaani strigolaktoni, ni wito kwa rafiki: kuvu wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi. Mpunga ukikosa fosforasi, unaita kwa nguvu zaidi. Kiduha kinadukua tu simu isiyo yake.

Mwaka 2008 hadithi ikapanuka. Timu mbili, moja Ufaransa na nyingine Japani, ziligundua kwamba strigolaktoni ni homoni ya mmea wenyewe: huzuia machipukizi ya pembeni yasiwe matawi. Ukitaka kuona zuio hilo likiondolewa, panda hadi Mufindi, mkoani Iringa. Mche wa chai ukikatwa kichwa, machipukizi ya pembeni yanaamka na kichaka kinatanuka. Kichwa ndicho kilichokuwa kinatuma homoni ya auksini chini kuyatuliza, na strigolaktoni ni mshirika wake katika kazi hiyo.

Je, seli inasikiaje? Ndani yake kuna protini iitwayo D14, ambayo ni kipokezi. Homoni ikiingia kwenye kijishimo chake, D14 inaikata na kubadilika umbo. Kisha inashirikiana na protini nyingine, D3, kuikamata D53, ambayo kazi yake ni kuyazima majibu. D53 ikishavunjwavunjwa, majibu yanaanza na mpunga unaacha kuongeza machipukizi. Sehemu hiyo ya D53 ilifahamika mwaka 2013, kwa kuuchunguza mpunga wenyewe.

Na sikio la kiduha? Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba jeni moja ya ukoo wa D14, iitwayo KAI2, imejinakili mara nyingi ndani ya magugu ya jamii hii. Baadhi ya nakala hizo zimegeuka vipokezi vya strigolaktoni, vikali kiasi cha kunasa dalili ndogo mno ya mzizi.

Kwa mkulima wa Kyela haya si mambo ya maabara tu. Udongo uliochoka unaufanya mpunga uite zaidi, kwa hiyo samadi na mbolea yenye fosforasi hazilishi mpunga peke yake, zinapunguza na ule wito. Zipo pia aina za mpunga, kama NERICA 1, zinazotoa strigolaktoni kidogo. Na bado kiduha kinatakiwa king'olewe kabla hakijamwaga mbegu, kwa sababu zitakazodondoka leo zinaweza kumsubiri mwanao shambani.