Msindikizaji wa uzazi

Msindikizaji wa uzazi, anayejulikana pia kama doula, ni mtu anayekaa karibu na mama mjamzito kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu na siku za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, ili kumtia moyo, kumpa faraja na kumsaidia kuelewa yanayoendelea. Hatoi huduma za kitabibu. Katika nchi mbalimbali baadhi ya wasindikizaji hufanya kazi hii kwa malipo, na wengine huunganisha huduma hiyo na upigaji picha za uzazi. Nchini Tanzania, ukiwemo Mkoa wa Simiyu, kazi hii hufanywa zaidi na ndugu wa mama bila malipo.

Jina

Neno "doula" limetokana na lugha ya Kigiriki, ambapo lilimaanisha mtumishi wa kike au mtumwa wa kike. Mwanaanthropolojia wa Marekani Dana Raphael alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu unyonyeshaji, akimaanisha mwanamke anayemsaidia mama aliyejifungua. Baadaye maana yake ilipanuka na kugusa pia kipindi cha uchungu na kujifungua. Mwaka 1992 kilianzishwa nchini Marekani chama cha wasindikizaji ambacho leo kinaitwa DONA International.

Kazi zake

Kabla ya kujifungua, msindikizaji huzungumza na mama na familia kuhusu mahali pa kujifungulia, usafiri, fedha za dharura na vitu vya kubeba, kama vile kanga safi, nguo za mtoto, beseni na kadi ya kliniki. Wakati wa uchungu humsugua mgongo, humkumbusha kupumua taratibu, humsaidia kutembea na kubadili mkao, humpa maji au uji kama wahudumu wameruhusu, na kumwita muuguzi panapokuwa na haja. Baada ya kujifungua husaidia mtoto awekwe kifuani kwa mama na aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza.

Msaada huu una msingi katika utendaji wa mwili. Uchungu huendeshwa na homoni iitwayo oksitosini, ambayo hukaza misuli ya mfuko wa uzazi. Mama anapoogopa sana, mwili hutoa adrenalini kwa wingi, nayo inaweza kupunguza nguvu ya uchungu. Kuwa na mtu anayeaminika karibu hupunguza hofu hiyo.

Tofauti na mkunga

Mkunga ni mtaalamu aliyesomea kazi yake. Nchini Tanzania husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010. Yeye hupima njia ya uzazi, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, huchoma sindano ya kuzuia kutokwa damu na kumhudumia mtoto asiyepumua. Msindikizaji hafanyi lolote kati ya hayo. Doula si kada ya afya iliyosajiliwa nchini.

Msindikizaji hutofautiana pia na mkunga wa jadi, ambaye huzalisha kijijini kwa ujuzi aliorithi au kujifunza kwa wazee. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali na mashirika ya kimataifa waliwafundisha wakunga wa jadi wengi usafi na utambuzi wa dalili za hatari. Baadaye sera ilibadilika: msisitizo ukawekwa kwenye kujifungua mbele ya mtaalamu, na wakunga wa jadi wakahimizwa kuwasindikiza kina mama kwenda kituoni badala ya kuwazalisha nyumbani. Kwa maana hiyo wamesogezwa karibu na kazi ya usindikizaji.

Utafiti

Miongoni mwa tafiti za kwanza ni ule uliofanyika nchini Guatemala na kuchapishwa mwaka 1980, wakiwemo madaktari John Kennell na Marshall Klaus. Wanawake waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza walipewa mwanamke wa kukaa nao, ambaye hawakumfahamu kabla. Kwa wale wasiopata matatizo, muda wa wastani tangu kupokelewa hospitalini hadi kujifungua ulikuwa saa 8.8, ikilinganishwa na saa 19.3 kwa wale walioachwa peke yao kama ilivyokuwa kawaida.

Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalijumlisha tafiti 26 kutoka nchi 17 zenye wanawake zaidi ya 15,000. Yalionyesha kwamba wenye msaada wa kudumu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, walihitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi, na wachache zaidi walifanyiwa upasuaji. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu na kujifungua.

Tanzania

Kwa muda mrefu vituo vingi vya umma nchini Tanzania havikuwaruhusu ndugu kuingia katika chumba cha kujifungulia. Sababu kubwa ni nafasi: vitanda kadhaa hukaa katika chumba kimoja, na ndugu wa mama mmoja huwaona kina mama wengine wakiwa bila stara. Kwa sababu hiyohiyo wanaume hukataliwa zaidi kuliko wanawake.

Kati ya mwaka 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai liliendesha mradi wa majaribio wa wasindikizaji katika vituo vya serikali mkoani Kigoma. Mama aliweza kuja na mtu wake, au kusaidiwa na msindikizaji aliyeandaliwa na kituo. Mradi ulionyesha kwamba jambo hili linawezekana hata katika vituo vyenye uhaba wa watumishi, mradi pawepo mapazia kati ya vitanda, maelekezo kwa msindikizaji na makubaliano na wauguzi.

Mabadiliko haya yamekuja wakati kina mama wengi zaidi wanajifungulia vituoni. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, asilimia 81 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556.

Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Makao makuu yako Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497. Wengi ni Wasukuma wanaoishi vijijini kwa kilimo, hasa cha pamba na mazao ya chakula, na kwa ufugaji.

Kwa Wasukuma, namna mtoto alivyozaliwa huweza kubaki katika jina lake. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, anayewafuata huitwa Shija, na aliyetanguliza miguu huitwa Kashinje. Majina hayo yanaonyesha kwamba uzazi ni habari ya ukoo mzima. Mama mkwe, shangazi, dada na majirani wenye umri ndio wasindikizaji wa kawaida: hukaa na mama, hubeba vitu, hupika uji na kumpokea mtoto.

Ndugu hao ndio mara nyingi huamua safari ya kituoni ianze lini. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja machelewo matatu yanayosababisha vifo: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Msindikizaji anayejua dalili za hatari anaweza kupunguza la kwanza. Dalili hizo ni pamoja na kutokwa damu nyingi, degedege, kuumwa sana kichwa na kuona maluweluwe, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni.

Jambo jingine ni dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, ambazo hutumika katika maeneo mbalimbali ya Kanda ya Ziwa. Kipimo chake hakijulikani, na uchungu ukizidi nguvu mfuko wa uzazi unaweza kupasuka au mtoto kukosa hewa. Aliyempa mama dawa hiyo mara nyingi ni yuleyule aliyemsindikiza, kwa hiyo anayo taarifa ambayo muuguzi anaihitaji haraka. Akiificha kwa hofu ya kukaripiwa, mama ndiye anayeumia.

Kwa matatizo makubwa, wagonjwa wa mkoa huu hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bariadi, au Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, hupatikana kwa kupiga simu namba 115 bila malipo. Mkoa umepata pia miradi ya afya ya uzazi, mmojawapo ukiwa Uzazi Uzima wa Amref Health Africa uliofadhiliwa na serikali ya Kanada.

Picha za uzazi

Upigaji picha za uzazi ni kurekodi uchungu, kujifungua na dakika za kwanza za mtoto. Mpiga picha hutumia mwanga uliopo bila kuwasha taa ya kamera, hukaa upande wa kichwa cha mama na haingii kati ya mama na mkunga. Hukaa tayari usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kwa kuwa siku ya kujifungua haijulikani kwa uhakika. Mtu mmoja akiwa msindikizaji na mpiga picha kwa pamoja, huweka kamera chini pale mama anapomhitaji.

Katika Afrika ya Mashariki huduma hii haijaenea. Picha za mtoto hupigwa zaidi kwa simu baada ya kutoka wodini, au katika sherehe kama arobaini na ubatizo. Baadhi ya familia huona kwamba mtoto mchanga hapaswi kuonyeshwa mapema kwa watu wengi.

Picha zina thamani ya pekee mtoto anapozaliwa mfu au kufa muda mfupi baadaye, kwani huweza kuwa kumbukumbu pekee ya wazazi. Nchini Marekani shirika la Now Lay Me Down to Sleep, lililoanzishwa mwaka 2005, huwapigia wazazi hao picha bila malipo.

Ridhaa na faragha

Picha ya uzazi huhitaji ridhaa ya mama mwenyewe, na anaweza kuiondoa wakati wowote. Ruhusa ya mume au mama mkwe haitoshi. Katika kituo cha afya inahitajika pia ruhusa ya uongozi, na kina mama wengine na wahudumu wasionekane bila kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto na za afya kati ya taarifa nyeti. Picha iliyopigwa kwa ajili ya familia haipaswi kusambazwa katika makundi ya simu au kutumika kutangaza biashara bila ridhaa nyingine.

Changamoto

- Malipo: familia nyingi hazina uwezo wa kumlipa msindikizaji wa kibiashara, ilhali gharama za usafiri na vifaa zinazikabili tayari.
- Nafasi: wodi zisizo na mapazia haziwezi kupokea wasindikizaji bila kuvunja stara ya wengine.
- Mipaka ya kazi: msindikizaji akianza kutoa dawa au kupinga maelekezo ya mkunga, anaweza kuhatarisha maisha.
- Uhaba wa watumishi: kuna hofu kwamba ndugu wataachiwa kazi za wauguzi. Msindikizaji hachukui nafasi ya mtaalamu.

Tazama pia

- Mkunga
- Ujauzito
- Mkoa wa Simiyu
- Wasukuma