Mgeni wa Maji Baridi

Ukisimama Olasiti alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, Meru unaonekana wote, kuanzia kilele chake cha mita 4,562 hadi pale msitu unapopakana na migomba. Karibu na ulipo halikosekani korongo. Miezi mingi ni kavu, watu wanalikatiza kwa miguu. Masika yakija linashusha maji mazito yenye rangi ya udongo. Mvua ikikatika, teremka ukainue jiwe moja. Litanyonya kidogo kabla ya kung'oka kwa sababu limekalia tope, na chini yake hutaona kitu kinachotembea.

Jiwe kama hilo, ukiliinua kwenye kijito cha msituni huko juu, linatoka bila ubishi. Chini yake ni changarawe safi, maji yanapenya katikati ya kokoto, na vidudu vinatawanyika kukimbia mwanga. Samaki ninayetaka kusimulia habari zake anaishi au anakufa kwa tofauti ya mawe hayo mawili. Wakazi wengi wa Arusha hawajawahi kumtia mdomoni. Anaitwa trauti, na ni wa ukoo mmoja na samoni.

Samaki wa ukoo huo hazai popote tu. Jike hufukua shimo kwenye changarawe kwa mapigo ya mkia, hutaga, dume akarutubisha, kisha jike hufukia. Mayai hukaa humo gizani wiki kadhaa, na hayana mashavu ya kuvutia hewa. Hewa inayapata kupitia ganda, kutoka kwenye maji yanayopita kati ya kokoto. Tope laini likiziba mianya hiyo, mayai yanakufa pale pale yalipofukiwa, na anayetazama kutoka ukingoni haoni kwamba kuna lililoharibika. Perege wetu wa maji ya vuguvugu hana shida hiyo, kwa kuwa jike wake huatamia mayai mdomoni. Anakwenda nayo anakokwenda. Trauti ameikabidhi kazi hiyo ardhi.

Hata akianguliwa, kifaranga haondoki mara moja. Hubaki chini ya kokoto akila kiini alichozaliwa nacho tumboni. Kiini kikiisha ndipo anatoka, na cha kwanza anachotafuta ni jiwe. Nyuma ya jiwe mkondo umetulia, hatumii nguvu nyingi kujishikilia. Pembeni yake maji yanapita yakiwa yamebeba wadudu. Hapo ndipo kwake, na mwenzake akisogea anamfukuza. Anayekosa jiwe anasukumwa chini na maji, na mara nyingi hafiki mbali. Kwa hiyo ukitaka kukisia mto utatoa vifaranga wangapi, kuhesabu mayai hakutakusaidia sana. Hesabu mawe, vivuli na mizizi.

Waingereza walichukua muda kulielewa hilo. Mwaka 1864 merikebu iitwayo Norfolk ilitoka Uingereza kwenda Australia ikiwa na mayai ya samoni yapatayo laki moja, pamoja na elfu chache ya trauti. Yalipangwa ndani ya kuvumwani kwenye visanduku vya mbao na kuzungushiwa barafu, yakakaa baharini miezi mitatu. Yaliangulika Tasmania. Samoni walikua vizuri mtoni, wakashuka baharini kama wafanyavyo kwao, na hawakurudi tena. Mto ulikuwapo, ila bahari haikuwa ile waliyoumbiwa. Trauti, ambaye anaweza kumaliza maisha yake yote kwenye maji baridi ya mtoni, alibaki na akazaana. Walowezi wakapata somo: samoni hahamishiki kirahisi, trauti anahamishika.

Ndipo ikaja zamu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejipatia jina kwa safari yake ya kutoka Rasi, Afrika Kusini, hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wake wakaachiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Vitabu vinamtaja yeye. Majina ya wapagazi waliobeba mzigo ule mpaka mlimani hayamo, ingawa bila shingo zao lisingefika hata yai moja. Huku Tanganyika mayai ya kwanza yalifika mwaka 1927 kutoka Scotland, na mengine mwaka 1950 kutoka Kenya, yote kwa ajili ya mito ya nyanda za juu za kaskazini na za kusini. Wala si kwa kitoweo cha wenyeji; ilikuwa michezo ya wazungu wenye ndoano na muda wa kupoteza.

Mlima ulimpokea mgeni kwa masharti. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, na mayai ya trauti yanastawi kwenye maji ya nyuzi 10 au karibu na hapo. Olasiti, chini ya mlima, kuna joto mno kwake. Makazi yake yakawa ukanda mwembamba wa juu, penye msitu unaozuia jua lisipashe maji moto na udongo usiporomoke. Hata shamba la familia la kufuga trauti ambalo limekuwapo mkoani Arusha linategemea hilohilo, maji baridi ya mlimani.

Mwaka huohuo wa 1927, Marekani walikamilisha bwawa la Glines Canyon kwenye mto Elwha, katika jimbo la Washington, juu ya bwawa jingine la mwaka 1913. Huko ni kwao samoni, na ni kwao pia trauti wa upinde wa mvua, jamii inayofugwa hapa kwetu. Yaani wakati mgeni anatafutiwa makazi Tanganyika, mwenyeji alikuwa anafungiwa mlango wa pili kwao. Samoni waliokuwa wakipanda mto kutaga waligota ukutani, na changarawe iliyokuwa ikishuka na mto ilibaki nyuma ya ukuta. Wenyeji wa bonde lile, Klallam, walipigania mto wao miaka mingi. Ubomoaji ulianza mwaka 2011 na kumalizika mwaka 2014. Zaidi ya mita za ujazo milioni 20 za mchanga, tope na kokoto zilikuwa zimelala nyuma ya kuta hizo mbili. Samoni wakarudi kutaga juu ya pale palipokuwa na ukuta. Kilichowashangaza wengi ni trauti waliofungiwa juu kwa karibu karne nzima: watoto wao walianza tena kushuka baharini na kurudi, kana kwamba hawakuwahi kuzuiwa.

Mimi sitamlilia trauti akitoweka Meru. Ni mgeni, tena mla wenzake. Afrika Kusini amewamaliza samaki wadogo wa asili katika vijito vingi alivyopelekwa. Lakini namwamini kama shahidi. Kijito ambacho mayai yake yanaangulika ni kijito chenye kivuli, chenye kokoto zisizozibwa, ambacho mifereji ya mashamba haijakikausha wakati wa kiangazi. Maji hayo ndiyo yanayoteremka mpaka mto Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaendelea na mto Pangani hadi Bahari ya Hindi, na njiani yananywesha watu, ng'ombe na hao perege.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nenda kwenye mto ulio karibu nawe, zihesabu, halafu uangalie umepita katikati ya nini.