Mshindani Aliye Jirani

Sisi walimu twajua jinsi mpira baina ya shule mbili jirani unavyotia watu ari, na pengine chuki. Basi na tutazame nchi ya Marekani, katika jimbo la Ohio, iliko miji ya Massillon na Canton, iliyoachana kwa maili 8 hivi. Shule zao za sekondari zilianza kushindana mwaka 1894. Mpira wao si kama wetu: huchukuliwa mikononi, na mchukuaji huangushwa chini. Huko Massillon, kwa miaka mingi, watoto wa kiume waliozaliwa hospitalini walipewa mpira mdogo.

Tangu 1932 hata 1940 mwalimu wa mchezo wa Massillon alikuwa Paul Brown. Canton, katika shule ya McKinley, alikuwako kijana mweusi mwenye nguvu, Marion Motley. Katika miaka yake shule yake ilishindwa mara 3 tu, zote na vijana wa Brown.

Tangu 1934 hata 1945 timu kubwa za kulipwa hazikumpokea mtu mweusi hata mmoja. Mwaka 1946 Brown, akiiongoza timu mpya ya Cleveland, alimwita Motley, mpinzani wake wa zamani. Wakawa weusi 4 walioufungua mlango ule mwaka huo. Mwaka 1968 Motley aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, lililoko Canton kwao.

Tunapowapeleka vijana kushindana na jirani, tuwaambie habari hii. Anayekuzuia uwanjani leo amekwisha kukupima, naye kesho aweza kuwa shahidi wako.