Nani anachagua kandida wa uraisi? Kanuni za vyama, tangu Geneva hadi Kilo

Kilo iko katika teritware ya Djugu, ndani ya nchi ya dhahabu ya Ituri. Huko, kama vile Bunia ao Mongbwalu, uchaguzi ukikaribia swali moja linarudi kati ya wachimbaji, wamotari na wamama wa sokoni: huyu kandida wametuletea, ni nani alimchagua?

Jibu fupi ni kwamba Kongo haina sheria inayolazimisha chama kupigisha wanachama wake kura kabla ya kuleta kandida wa uraisi. Sheria n° 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004 juu ya vyama vya siasa inaacha kila chama kijipange kwa kanuni zake, zile watu wanaita «statuts». Tume ya uchaguzi, CENI, inapokea faili na kuangalia kama imetimia, pamoja na dhamana. Mwaka 2018 dhamana ya uraisi ilikuwa dola 100,000, na hairudishwi. Namna jina lilivyopatikana ndani ya chama, hilo CENI haiulizi.

Zamani jambo hili halikuwa zito sana. Katiba ya 2006 iliweka duru mbili. Mwaka huo makandida walikuwa wengi, lakini mwishoni walibaki Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, na kila mchaguzi alipata nafasi ya kuchagua tena. Januari 2011 katiba ilibadilishwa: duru moja tu, mwenye kura nyingi anapita hata asipofika nusu. Novemba 2011 Kabila alitangazwa mshindi kwa 48.95%. Étienne Tshisekedi alipewa 32.33%, Vital Kamerhe 7.74%. Kwa hesabu hizo hizo za CENI, ambazo upinzani ulizikataa, zaidi ya nusu ya wachaguzi walipigia watu wengine, lakini kila mtu na wake.

Tangu hapo upinzani unajua: usipokuwa na jina moja, umekwisha kushindwa. Na jina moja lazima litoke mahali fulani.

Mwaka 2018 lilitokea njia tatu tofauti. Kwa upande wa serikali, Kabila mwenyewe alimteua Emmanuel Ramazani Shadary, na nchi ikasikia tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho ya kuweka faili. UDPS ilifanya kongamano Kinshasa mwisho wa Machi, na wajumbe wakampa Félix Tshisekedi karibu kura zote. Hiyo angalau ilikuwa kura, ingawa hakukuwa na mpinzani wa kweli.

Njia ya tatu ndiyo ingali inabishaniwa hadi leo. Novemba 2018 wakubwa saba wa upinzani walikutana Geneva, Uswisi, wakisaidiwa na Wakfu wa Kofi Annan: Bemba, Moïse Katumbi, Adolphe Muzito, Tshisekedi, Kamerhe, Martin Fayulu na Freddy Matungulu. Bemba na Muzito faili zao zilikuwa zimekataliwa, na Katumbi alikuwa amezuiwa kuingia nchini kuweka yake. Wanne waliobaki ndio waliweza kuchaguliwa. Tarehe 11 Novemba walitoka na jina la Fayulu, na muungano ukaitwa Lamuka.

Jina hilo halikumaliza hata siku mbili. Wanachama wa UDPS waliandamana Limete, wale wa UNC nao wakakataa, na kesho yake Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa sahihi zao. Hapa ndipo watu wanagawanyika, na kila upande una sababu. Mmoja unasema: sahihi ni sahihi, ukishindwa mchezo usibebe mpira. Mwingine unauliza: watu saba katika hoteli ya Ulaya walipata wapi ruhusa ya kufuta kongamano la chama kizima? Ukweli ni kwamba hakukuwa na hakimu wa kuwaamua. Mapatano ya Geneva yalikuwa ahadi kati ya wakubwa, na mwenye kuvunja ahadi hiyo hakuna mahali pa kumshitaki.

Tarehe 23 Novemba Tshisekedi na Kamerhe walitia sahihi nyingine, Nairobi: Tshisekedi agombee, Kamerhe awe waziri mkuu, na mwaka 2023 zamu iwe ya Kamerhe. Kamerhe hakuwa waziri mkuu, na mwaka 2023 alimuunga mkono Tshisekedi.

Matokeo ya CENI yalimpa Tshisekedi 38.57%, Fayulu 34.83%, Shadary 23.84%. Fayulu aliyakataa, na maaskofu wa CENCO walisema hayafanani na hesabu za waangalizi wao. Majirani wa Beni na Butembo hawakuhesabiwa kabisa: kura yao ilisogezwa hadi 31 Machi 2019, wakati raisi alikuwa amekwisha kuapa tangu 24 Januari. Walichagua wabunge tu.

Novemba 2023 wajumbe wa upinzani walijaribu tena, Pretoria. Safari hii faili zilikuwa zimefungwa tangu Oktoba. Matata Ponyo na wengine walijiondoa kwa ajili ya Katumbi. Fayulu na Denis Mukwege waliendelea kila mtu peke yake. Tshisekedi alipita kwa zaidi ya 73%. Kwa pengo kubwa hivyo, hata jina moja lisingetosha kwa hesabu iliyotangazwa.

Ngambo ya ziwa kuna namna nyingine. CCM ya Tanzania mwaka 2015 ilipokea makumi ya waombaji, vikao vikawachuja hadi watano, kisha watatu, na mkutano mkuu wa Dodoma ukampigia John Magufuli tarehe 12 Julai. Edward Lowassa alikatwa mapema, akahamia Chadema mwezi huo huo. Hata kanuni iliyoandikwa haizuii hasira, lakini kila mwanachama alijua kikao gani kilimkata nani.

Mwanachama wa Kilo anaweza kuanzia hapo hapo: kuomba kamati ya chama chake imuonyeshe «statuts», na kuuliza nani anakwenda kongamano kwa jina la Djugu, na nani alimtuma. Maswali hayo yanafaa kabla ya CENI kufunga faili. Baada ya hapo orodha haibadiliki kwa mapatano: mwaka 2023 waliojiondoa walibaki na jina kwenye mashine ya kupigia kura, na kuna watu waliowabonyeza.