Shahada mkononi, sahani tupu

Wengi wetu tukisikia "picha ya Kihindi" tunafikiria Bombay: nyimbo, mvua, na steringi anayepiga watu 20 peke yake. Leo nataka niwapeleke kusini mwa nchi hiyo, kwa Watamil, ambao wana lugha yao, washairi wao na sinema yao. Novemba 1980 mwongozaji K. Balachander alitoa filamu iitwayo Varumayin Niram Sivappu. Tafsiri yake: rangi ya umaskini ni nyekundu.

Mhusika mkuu ni Rangan, kijana msomi, mtoto wa mwanamuziki anayeheshimika. Amesafiri kutoka Tamil Nadu hadi Delhi, zaidi ya kilomita 2,000, kutafuta kazi, na anaishi chumba kimoja na wenzake wawili wasio na ajira. Rangan ameigizwa na Kamal Haasan, aliyekuwa ndiyo kwanza ana miaka 26. Msichana, Devi, ni Sridevi, yule yule ambaye baadaye alitikisa Bombay na ambaye hata huku kwetu jina lake halihitaji maelezo. Alikuwa na miaka 17 tu.

Kuna tukio moja ambalo waliioona hawalisahau. Vijana hawana hata punje ya chakula, lakini hawataki Devi ajue. Basi wanagonga vyombo vitupu na kujifanya wako kwenye karamu. Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni. Njaa wanaiweza, aibu ndiyo inayowashinda.

Sasa turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana bila hiyo filamu hii inabaki hadithi ya majonzi tu. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilijenga vyuo kwa kasi, na cheti kikaonekana ndiyo tiketi ya ofisi ya serikali. Mwaka 1959 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha waajiri kuzitaarifu ofisi za ajira nafasi zinapopatikana. Lakini sheria haizai kazi. Watu walijiandikisha kwa mamilioni, na foleni ikawa ndefu kuliko nafasi zenyewe. Mwaka 1971 Indira Gandhi alishinda uchaguzi kwa kauli mbiu ya kuondoa umaskini. Akaanguka mwaka 1977, akarudi madarakani Januari 1980. Miezi kumi baadaye Balachander akaja na filamu ambayo jina lake tu lilikuwa kama jibu: umaskini bado upo, na rangi yake tunaijua.

Na nyekundu haikuwa rangi ya bure. Tangu maasi ya wakulima wa Naxalbari mwaka 1967, vijana wasomi wa Calcutta walikuwa wakiacha madarasa na kuingia kwenye mapambano ya kikomunisti. Watengenezaji filamu wa huko waliliona hilo mapema. Katika Pratidwandi ya Satyajit Ray (1970), kijana aliye kwenye usaili anaulizwa tukio kubwa la muongo ule. Anataja vita vya Vietnam, anaacha safari ya mwezini. Swali linalofuata ni kama yeye ni mkomunisti. Katika Interview ya Mrinal Sen (1971), kijana anaikosa kazi kwa sababu hakupata suti ya Kizungu ya kuvaa siku hiyo.

Rangan ni ndugu wa vijana hao, ila yeye silaha yake ni mashairi ya Subramania Bharati. Huyu Bharati (1882-1921) alikuwa mshairi na, nafurahi kusema, mwandishi wa habari mwenzetu. Waingereza walipoanza kuwasaka wanaharakati mwaka 1908 alikimbilia Pondicherry, iliyokuwa chini ya Ufaransa. Alikufa maskini. Kwa hiyo Rangan anapotamka mashairi yake katikati ya njaa, anawauliza wenye nchi: huu ndio uhuru aliouimba?

Mwisho wake ndio unaogombanisha watu. Rangan anashika mkasi na kuwa kinyozi, na baba yake anamkuta kwenye kazi hiyo. Usisahau kuwa India kunyoa watu ilikuwa kazi ya tabaka fulani, iliyorithishwa na kudharauliwa. Mtoto wa mwanamuziki kuishika ni kuuvunja ukuta. Balachander mwenyewe aliwahi kuwa mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali Madras huku akiandika michezo ya jukwaani. Kazi ambayo vijana wake wanaililia, yeye alikuwa nayo akaiacha.

Wapo wanaousoma mwisho huo kama mahubiri ya "jiajiri, acha kulalamika". Mimi nakataa. Mkasi unamrudishia Rangan heshima yake, ni kweli, na kazi halali haina aibu. Lakini mkasi haufuti deni la waliomwambia asome miaka yote ile. Filamu haisemi nchi imefanya vizuri kwa sababu msomi mmoja amepata kiti cha kinyozi. Inasema aibu ile ya vyombo vitupu haikuwa ya vijana wale. Walioketi maofisini ndio walipaswa kuibeba.

Mwaka 1981 ilitoka kwa Kitelugu, na 1983 Balachander mwenyewe akairudia kwa Kihindi. Alifariki Desemba 2014, Sridevi akamfuata Februari 2018. Ukiipata, itazame na rafiki yako mwenye bahasha ya vyeti chini ya godoro. Msigombane kuhusu mkasi. Jiulizeni sahani ilikuwa tupu kwa sababu ya nani.