Kyela ya Mchele, Kiwira ya Makaa

Kwenye duka ninalonunulia mchele hapa Sinza, magunia matatu hukaa mlangoni mwaka mzima: wa Mbeya, wa Morogoro na wa Kyela. Wa Kyela ndio ghali, na muuzaji hana haja ya kuusifia, kwa sababu ukiupika hadi jirani atajua. Hatua chache kutoka dukani, mama mmoja anauza mkaa, kopo kwa wenye haraka na gunia kwa wenye mama ntilie. Kwa miaka nilinunua mchele hapa na mkaa pale, nikapika, nikala, nikalala, bila kujua kwamba juu ya yale mabonde ya mpunga, ukipanda vilima, unafika kwenye mgodi wa makaa ya mawe.

Mgodi unaitwa Kiwira, na jina hilo limewapoteza wengi. Uko mji mdogo wa Kiwira kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye baridi na ndizi. Ukishuka hapo ukauliza mgodi, utaambiwa urudi garini. Mgodi wenyewe uko mbali zaidi kusini, pale Ileje inapopakana na Kyela, na umechukua jina la mto Kiwira unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Upande wa Ileje wanaishi Wandali, upande wa Kyela Wanyakyusa, na ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Kutoka Sinza ni zaidi ya kilomita 900.

Makaa ya huko hayakugunduliwa jana. Mwishoni mwa karne ya 19, Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, alizunguka kusini mwa koloni akiandika habari za miamba, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1900 kiliwapa wakubwa wake picha ya nchi iliyo chini ya nchi. Lakini reli za Wajerumani zilielekea Moshi na Kigoma. Hakuna iliyoshuka huko, makaa yakabaki ardhini.

Kilichonishangaza nilipoanza kusoma ni kwamba watu wa huko walikuwa wachimbaji wa madini muda mrefu kabla ya kuwa na mgodi wao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia walioishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliwakuta vijana wakienda kufanya kazi kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na kurudi na nguo na pesa za kununulia ng'ombe wa mahari. Baadaye safari zikawa ndefu: migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, kisha Johannesburg, kupitia lile shirika la kuajiri vibarua ambalo watu wa kusini wote walilifupisha kuwa Wenela. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilikataa kuendelea kupeleka wanaume wake kwenye migodi ya makaburu. Uamuzi wa heshima, na sioni mtu wa kuulaumu. Ila kwa nyumba iliyokuwa ikimsubiri kijana arudi na ng'ombe, ilimaanisha mlango mmoja umefungwa na mwingine haujafunguliwa.

Ulifunguliwa mwaka 1988. Wachina, waliokuwa wamekwishatujengea TAZARA katika miaka ya 1970, walisaidia pia kujenga mgodi wa Kiwira, ukawekwa chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Ulisanifiwa utoe tani 150,000 kwa mwaka. Kando yake palikuwa na mtambo wa umeme wa megawati 6 unaochoma makaa yaleyale. Mtambo huo haukuwa pambo. Mgodi wa chini ya ardhi unahitaji feni za kusukuma hewa, kwa sababu makaa hutoa gesi inayolipuka, na unahitaji pampu, kwa sababu maji hayapumziki. Umeme ukikatika muda mrefu, mgodi unaanza kujifia wenyewe. Uliobaki ulikwenda kwenye gridi ya taifa.

Basi kijana wa Kindali aliweza kushuka shimoni asubuhi na jioni akala kwao. Baba yake aliyekwenda Wenela alikuwa akiondoka nyumbani kwa miezi na miezi. Zikaja nyumba za wafanyakazi, mshahara wa mwisho wa mwezi, na biashara zote ndogondogo zinazoufuata mshahara popote unapokwenda.

Makaa yalipelekwa kwenye kiwanda cha saruji Mbeya na kiwanda cha karatasi Mgololo, kwa barabara, milima kwa mabonde. Tani 150,000 hazikuwahi kufikiwa. Katika miaka ya 1990 viwanda vya umma vilidorora kimoja baada ya kingine, na mgodi wa makaa usio na wateja ni gharama ya kusukuma maji.

Mwaka 2005 ukabinafsishwa. Kampuni ya TanPower Resources ilichukua asilimia 70, serikali ikabaki na 30, na mpango mkubwa uliotangazwa ulikuwa kufua megawati 200. Wasomaji wa rika langu mtaukumbuka mwaka uliofuata kwa jambo jingine: mgawo wa umeme. Sinza nzima ilinguruma jenereta, kila saluni na yake mlangoni. Megawati 200 za Kiwira zilikuwepo wakati wote huo, kwenye karatasi.

Hazikujengwa. Kufikia 2008 Bunge lilikuwa likiuliza ni nani hasa wanaomiliki hisa na waliuziwa kwa bei gani, na magazeti yakashiba. Serikali ikaamua kuurudisha mgodi mikononi mwake, na hatimaye ukarudi STAMICO ulikotoka. Kazi chini ya ardhi ilikuwa imesimama.

Nimesoma habari nyingi za sakata lile, na karibu zote zinazungumzia wenye hisa. Wafanyakazi wanatokea mwishoni, katika maneno mawili: "madai yao". Ndani ya maneno hayo mna watu waliokaa miezi bila mshahara, ambao stahili zao ziliulizwa bungeni na kujibiwa kwamba zinashughulikiwa, zikaulizwa tena. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 mgodi ulipofunguliwa alikuwa na miaka 45 mambo yalipoharibika. Katika umri huo ufundi wa kutega nguzo shimoni huuhamishii kwenye bodaboda. Na kuondoka huwezi, kwa sababu ukiondoka nani atakufuatilizia? Naona kudai nako ni kazi ya kutwa, isiyo na likizo.

Baada ya hapo makaa ya Tanzania yalipata bahati kwingine. Ngaka, wilayani Mbinga, walianza kuchimba 2011, na vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, meli zilipanga foleni Mtwara kupakia makaa ya Ruvuma. Kiwira nako kulirudiwa, safari hii kwa shimo la wazi eneo la Kabulo, ambako hakuna haja ya feni wala ya mafundi wengi kama zamani.

Sehemu ya makaa hayo sasa inasagwa na kufinyangwa kuwa mkaa mbadala, unaouzwa na STAMICO kwa jina la Rafiki Briquettes, katika harakati hizi za nishati safi ya kupikia. Nilinunua mfuko mmoja nikampelekea mama wa mkaa, nikitaka maoni ya mtaalamu. Alikivunja kipande, akakinusa, akaniuliza kama kinawaka na upepo. Kisha akauliza kinatoka wapi.

"Kiwira, mama. Karibu na Kyela."

Akanitazama. "Kyela hii ya mchele?"

Nikamwambia ndiyo, hiyohiyo. Akaviweka vipande vitatu kwenye jiko lake, akachukua kipepeo, akaanza kupepea.